Hodi ya Tatu

Nchi ya Tulizana haipo. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, na kama siku moja mtapita mahali mkadhani mmefika, basi huo ni uchovu wa safari. Nyweni maji mwendelee.

Lakini kama ingekuwapo, ingekuwa nchi yenye adabu kuliko zote. Huko hakuna askari aliyewahi kuvunja mlango wa raia. Jambo hilo limechapishwa hata kwenye stempu. Mkuu wa nchi huitwa Mwenye Nyumba wa Taifa, wananchi wote ni wapangaji wake, na sheria ya kwanza, inayotangulia hata ile ya bendera, inasema hivi: asiingie mtu kwa mtu bila kupiga hodi na kukaribishwa. Hodi ni tatu. Ukikaribishwa, ingia. Usipojibiwa hata ya tatu, geuka uende zako, uwe nani, uwe umetumwa na nani.

Kwa hiyo Serikali ya Tulizana ikitaka kumvunja mtu mguu, hupiga hodi kwanza.

Najua mnachotaka kusema. Si mtu anyamaze tu? Hayo ni maneno ya mtu ambaye hakulelewa Tulizana. Mtoto wa huko hajajua kusema "maji" amekwisha kujua kusema "karibu". Akichelewa kuitikia hodi anachapwa kofi la mdomo. Akiitikia kwa sauti ndogo, anaongezwa la pili. Anapofika umri wa kwenda shule, ile karibu imekwisha kuhama kichwani ikakaa kooni, na hutoka yenyewe kama kwikwi. Watu wameitikia hodi wakiwa usingizini. Yuko mmoja aliyesemekana kuitikia akiwa ndani ya jeneza, ingawa uchunguzi ulionyesha kwamba aliyeitikia ni mjane wake.

Aliyekuwa na kazi ya kupiga hodi za Serikali katika wilaya ya hadithi hii ni mwanamke mmoja aitwaye Bi Sikudhani.

*

Bi Sikudhani hakuitafuta kazi hiyo. Kipaji chake ndicho kilichompeleka.

Huko, kila anayemaliza chuo hupitishwa kwenye Ofisi ya Kupima Vipaji. Yeye alifika pale na stashahada yake ya uhazili, mtoto mgongoni, na mume aliyekuwa ametoka kununua sukari na hajarudi mpaka leo. Mpimaji aligawa karatasi na penseli kwa kila mtu, akasema, "Choreni chochote."

Kijana aliyekaa mbele alichora mbuzi mwenye mabawa. Walimpiga vidole kwa rula ya chuma mpaka rula ikapinda, kisha wakamtaka aeleze kwa maandishi, kwa mkono ule ule, rula ya Serikali imepindaje. Binti wa pembeni yake alichora nyumba bila mlango. Huyo alitolewa nje akiwa ameshikwa nywele, na waliobaki walisikia kishindo kimoja, halafu viatu vikiburutwa.

Bi Sikudhani hakuwa amechora kitu. Alinyoosha mkono.

"Samahani, mheshimiwa. Chochote cha ukubwa gani?"

Mpimaji alivua miwani akafuta macho. Alikuwa kama mtu aliyeletewa habari njema baada ya msiba.

"Mama," akasema, "wewe ni mtu mwajibikaji. Vichwa vinavyochemka tunavyo vingi, na kila siku tunavipasua lakini haviishi. Watu kama wewe ndio wachache. Hebu sikiliza nafasi zilizopo. Kuna mwangalizi wa foleni, lakini hiyo ina jua. Kuna mnyongaji, ni kazi nzuri sana kwa mtu asiyependa mambo mapya, kamba ile ile, ubao ule ule. Na kuna mpiga hodi."

"Mpiga hodi anafanya nini?"

"Anapiga hodi."

"Halafu?"

"Halafu basi. Yanayofuata ni ya idara nyingine."

Aliipenda pale pale. Ilikuwa kazi yenye mwanzo na mwisho. Mtoto anataka uji, uji unataka mkaa, na mkaa hauulizi mama yake anafanya kazi gani.

*

Idara yenyewe iliitwa Idara ya Ziara za Kirafiki. Wanaume wawili waliofuatana naye waliitwa Wageni. Marungu yao yaliitwa zawadi, kwa kuwa si vizuri mgeni kwenda kwa watu mikono mitupu. Chande alikuwa mnene na mwenye huruma, Zimbwe alikuwa mwembamba na mwenye kifua kibovu, na wote wawili walimwita Bi Sikudhani "Mama". Hawakuwahi kufanya jambo lolote bila kumuuliza utaratibu unasemaje.

Naye aliujua. Hodi ya kwanza ni ya kawaida. Ya pili ni ya kutaka kujua kama watu wapo. Ya tatu, kitabu cha kanuni kinasema, "ipigwe kwa unyenyekevu." Hapo ndipo alipowashinda wapiga hodi wote wa nchi. Hodi yake ya tatu ilikuwa ya mama aliyetoka mbali, amebeba mzigo, miguu inamuuma, naye hataki kumsumbua mtu. Watu waliojifungia na kujiapiza kutonyanyua mdomo walipoisikia walijikuta wanasema karibu huku wanalia. Kwa miaka yote aliyofanya kazi, hakuna mlango uliowahi kunyamaza mpaka mwisho.

Mtoto wa mgongoni, Tunu, alikua akawa fundi cherehani, akapanga chumba chake kwenye mtaa wa nyuma ya soko. Alilelewa kwa makofi yale yale ya mdomo, tena na mama aliyejua kazi. Siku moja Bi Sikudhani alikwenda kumtembelea, Tunu akamwekea chai, akamuuliza bila kumtazama:

"Mama, siku ukija na wale kaka zangu wawili, nitajuaje kama ni wewe au ni Serikali?"

"Maswali gani hayo? Utaitikia tu."

"Hata kama ni Serikali?"

"Hodi ni hodi, Tunu. Sikukulea uchague hodi za kuitikia. Au umesahau?"

"Sijasahau," akasema Tunu, akajigusa mdomo. "Kunywa chai, inapoa."

*

Mwaka huo waliletewa Mkurugenzi mpya, Mheshimiwa Shomvi. Alitoka Idara ya Kasi, alikuwa na saa mkono wa kushoto na nyingine mkono wa kulia, na alikuwa hapendi jinsi Wageni wanavyokaa kunywa chai kwenye nyumba za watu kabla ya kuanza kazi. Asubuhi moja aliingia ofisini amesugua viatu mpaka vinaonyesha dari.

"Leo nafuatana nanyi," alisema. "Nyumba tatu. Ya kwanza, Mzee Kitwana: amejitungia njia ya mkato kwenda zahanati, bila kibali. Mguu mmoja. Ya pili, Mwalimu Hiari: amewaambia watoto kwamba nane inapatikana pia kwa tano na tatu."

Chande aliguna. "Si ni nne na nne?"

"Ni nne na nne. Meno ya mbele. Ya tatu…" Alimgeukia Bi Sikudhani akatabasamu. "Ya tatu ni fundi cherehani wa nyuma ya soko. Ameshona sare za shule akatia mfuko kwa ndani ya sketi, mfuko ambao haumo kwenye mchoro wa Wizara. Watoto wanaweka humo karanga. Mikono yote miwili."

Zimbwe alitaka kukohoa akajizuia.

"Mheshimiwa," alisema Bi Sikudhani, "huyo fundi ni mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana nimevaa viatu vizuri. Kanuni inasemaje kuhusu mpiga hodi anayeharibu hodi kwa makusudi?"

"Anapewa yeye ile adhabu ya mwenye nyumba."

"Halafu?"

"Halafu analetwa mpiga hodi mwingine, ziara inarudiwa."

"Umeona? Kwa hiyo ukijitia homa, itavunjwa mikono minne badala ya miwili. Nataka kusikia hodi zako zote tatu, Bi Sikudhani, na ya tatu nataka inilize."

Bi Sikudhani alichukua mkoba wake. Akatazama vidole vyake mwenyewe. Vidole vya Tunu vilikuwa vyembamba, na kimoja kilikuwa na kovu la sindano tangu utotoni.

*

Mzee Kitwana aliitikia hodi ya kwanza kabla haijaisha.

"Karibuni! Karibuni ndani! Mama watoto, viti!"

Wakaletewa viti vya plastiki, vikafutwa vumbi kwa upande wa kanga. Chande alimsalimu mzee kwa heshima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na jua."

Chai ikaja, na mihogo. Shomvi alisimama mlangoni akitazama saa, mara ya kushoto, mara ya kulia. Chande alisifu mihogo. Zimbwe alimuuliza mzee anapendelea mguu upi, mzee akasema wa kulia ndio unaomsumbua siku nyingi, basi bora huo. Wakaulaza juu ya kigoda. Rungu la kwanza lilikosa goti likagonga mfupa wa mbele, mzee akapiga ukelele, na mkewe, aliyekuwa ameshika sahani, akasema, "Jamani, mngemalizia chai kwanza!" La pili lilipata. Mguu ulikunjika mahali ambapo miguu haikunjiki, na kitu cheupe kikachungulia kwenye ngozi.

Bi Sikudhani alikuwa nje, kama kawaida yake, akitazama kuku. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alisikia kila kitu.

Wageni wakaaga. Na Mzee Kitwana, akiwa sakafuni, jasho linamtiririka, fahamu zinakuja na kuondoka, akasema lile ambalo kila mtu wa Tulizana huwaambia wageni wanaoondoka.

"Ahsanteni. Karibuni tena."

Wageni walisimama. Walitazamana. Chande alimtazama Bi Sikudhani kwa huzuni ya kweli.

"Mama, amesema karibuni tena."

"Nimesikia," akasema Bi Sikudhani.

Wakarudi ndani wakauvunja na wa kushoto. Safari hii, walipokuwa wanatoka, mke wa mzee alimziba mumewe mdomo kwa mikono yote miwili.

*

Mwalimu Hiari alikuwa mtu aliyesoma, naye alijua sheria. Walipofika alikuwa amejifungia, amejaza kitambaa mdomoni na kufunga taya kwa mkanda wa suruali. Hodi ya kwanza alinyamaza. Ya pili, walisikia kiti kikigongagonga sakafu; alikuwa anatetemeka juu yake.

Shomvi alimtazama Bi Sikudhani. Bi Sikudhani akapiga ya tatu.

"Hodi jamani… hodi, wenyewe."

Mkanda ukaanguka sakafuni, kitambaa kikatemwa, na sauti ya mtu mzima anayelia kama mtoto ikasema, "Karibu, mama. Karibu, pole na mzigo."

Kazi ya humo haikuchukua muda. Zimbwe alimshika kichwa, Chande akapiga. Mwalimu alikuwa mtu nadhifu. Aliomba kikombe ili asichafue sakafu, na meno yakadondoka humo moja moja yakilia kama shilingi. Shomvi alimtania akamtaka ayahesabu. Mwalimu alikichungulia kikombe, damu ikimwagika kidevuni, akasema neno lisilosikika vizuri.

"Anasemaje?" aliuliza Shomvi.

"Nafikiri anasema matano na matatu," alijibu Chande. Basi ikabidi waanze upya.

Bi Sikudhani hakuwatazama kuku, kwa sababu hapakuwa na kuku. Alitazama mkono wake uliogonga mlango ule. Tunu ataitikia, aliwaza. Hata akijifunga mkanda, hata akijijaza pamba. Nimemlea mwenyewe.

*

Kutoka barabarani waliisikia cherehani. Chumba cha Tunu kilikuwa na mlango wa mbao hafifu unaofunguka moja kwa moja mtaani, na mbele yake, ng'ambo ya mfereji, Mama Chausiku alikuwa anakaanga vitumbua kwenye kikaango cheusi. Watu waliwaona Wageni wakawapisha kwa adabu. Wengine walisimama kutazama.

Shomvi alijisogeza mpaka akawa sikioni mwa Bi Sikudhani. "Anza."

"Hodi."

Cherehani ikanyamaza.

Alisubiri ile karibu. Alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea hatua ya mwisho ya ngazi. Haikuja. Ndani palisikika kitu kidogo tu, "ka—", halafu kikamezwa.

"Hodi, wenyewe mpo?"

Hapo ndipo Mama Chausiku, mwanamke mwema, mwenye malezi yake, aliposhindwa kuvumilia.

"Karibuni, karibuni! Yumo huyo! We Tunu, huna masikio? Una wageni!"

Shomvi alipiga makofi. "Tumekaribishwa! Ingieni!"

"Tumekaribishwa kwa Mama Chausiku, mheshimiwa," alisema Bi Sikudhani. "Kanuni inasema anayekaribisha ni mwenye mlango. Kama ni kuingia, tutaingia kwa Mama Chausiku."

Wageni wakageuka, wakamtazama Mama Chausiku, wakainua zawadi zao.

"Kwangu? Mimi? Yarabi! Sikusema kwangu!" Mama Chausiku alipiga kijiko kwenye kikaango. "Mimi sina hata mlango jamani, hiki ni kibanda tu!"

"Hana mlango," Chande alikiri. Wakarudi.

Ikabaki moja. Shomvi alimshika Bi Sikudhani nyuma ya shingo, polepole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa. "Kwa unyenyekevu," alinong'ona. "Nataka kulia."

Hakuna njia ya kuiharibu ambayo Shomvi asingeitambua. Akaipiga kama alivyoipiga kwa Mwalimu Hiari na kwa wote waliotangulia: mama wa mbali, mzigo, miguu.

"Hodi jamani… hodi, wenyewe."

Mtaa mzima ulisimama. Mafuta ya Mama Chausiku yalichemka peke yake. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli alisema "karibu" kwa sauti ya chini, akajiziba mdomo akakimbia.

Nyuma ya mlango hapakutoka kitu.

Bi Sikudhani alisikia kitu kinapanda kifuani mwake, na ilimchukua muda kukitambua. Ilikuwa furaha. Mtoto wake hana adabu. Mtoto wake, ewe Mola, ni mtovu wa adabu kabisa.

"Hajajibu," alisema, akakaza mkoba begani. "Tunageuka."

"Tunageuka kwenda wapi?" Shomvi alikuwa mwekundu wa macho, na si kwa machozi. "Yumo ndani! Nasikia anavyopumua!"

"Kanuni haisemi kitu kuhusu kupumua, mheshimiwa."

"Kanuni, kanuni! Bi Sikudhani, mambo mengine mtu anatumia akili yake!"

Wageni walirudi nyuma hatua moja. Maneno ya namna hiyo hayasemwi mbele ya watu.

Shomvi akauinua ule mguu wenye kiatu kinachong'aa, akaupiga teke mlango. Komeo likaruka. Mlango ukaanguka ndani kwa kishindo, na yeye akaingia akipita juu yake.

*

Tunu alikuwa amesimama nyuma ya cherehani, mdomo umejaa damu. Alikuwa ameuma ulimi. Shomvi alimkamata kifundo cha mkono akaubana mkono kwenye meza ya cherehani, akanyoosha wake nyuma bila kugeuka.

"Chande! Rungu!"

Rungu halikuja. Wageni walikuwa wamesimama kwenye kizingiti, vidole vya viatu vimeishia pale pale kwenye mstari, wanahangaika kama watu waliosahau sala katikati.

"Mama," Chande aliuliza, "tumekaribishwa?"

"Hapana."

"Sasa mheshimiwa ameingiaje?"

Bi Sikudhani alijua kwamba kinachofuata kitatoka kinywani mwake, na kwamba hakitakuwa na neno lake hata moja. Alisimama wima kama siku ya mtihani.

"Katika nchi hii," alisema kwa sauti iliyofika mpaka sokoni, "wako wawili tu wanaoingia kwa mtu bila hodi. Mwenye Nyumba wa Taifa, kwa kuwa popote ni kwake. Na mwizi."

Zimbwe alifikiri. Kisha akainamisha kichwa kwa heshima, akachungulia ndani.

"Samahani, mheshimiwa. Wewe ni Mwenye Nyumba?"

Shomvi alifungua mdomo. Akawaona watu waliojaa mtaani, akaufunga. Huko, anayejiita Mwenye Nyumba huwa haulizwi swali la pili.

"Mimi," alisema, "ni Mkurugenzi."

"Mkurugenzi hayumo kwenye hiyo kanuni," alisema Bi Sikudhani.

"Pumbavu! Nyote ni mapumbavu! Ingieni!"

"Hatuwezi kuingia, mheshimiwa," alisema Chande kwa uchungu. "Hatujakaribishwa. Wewe ndiye utoke."

Ndipo Shomvi alipong'amua kwamba kwenye wilaya nzima mahali pake pa salama ni humo ndani. Basi akaamua kuimaliza kazi mwenyewe. Aliinyakua mikasi ya chuma iliyokuwa mezani, akaigeuza, akaiinua juu ya vidole vya Tunu na kupiga. Kidole kidogo kilipasuka kama kijiti. Tunu hakupiga kelele. Mkono wake mwingine ulikuwa umekwisha kufika kwenye pasi ya mkaa. Aliichukua ikiwa imewaka mpaka tumboni, akambandika nayo usoni, akaikandamiza kama anavyokandamiza kola ngumu.

Shomvi alitoka kinyumenyume, mikono usoni, akakanyaga mlango ulioanguka, akadondokea barabarani.

"Mama," aliuliza Zimbwe, "ili awe mwizi si mpaka mwenye nyumba aseme?"

Watu wote wakamtazama Tunu. Tunu alimtazama mama yake. Akatema damu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja rangi ya uzi:

"Mwizi."

Sitawaeleza yote. Rungu la kwanza lilikuwa la Chande, na lilimpata kwenye viatu. La Zimbwe lilimpata mbavuni. Mama Chausiku alikuja na kikaango, akamwagia mafuta na vitumbua vyake vyote, akaomba radhi kwa waliochuruzikiwa. Mtaa mzima ukataka kumpiga, na kwa kuwa huyu hakutembelewa bali alikuwa mwizi, kila raia alikuwa na haki. Wakapanga foleni.

"Tangulia, mama."

"Hapana, wewe ulifika kwanza."

"Wewe una mtoto mgongoni, tangulia tu."

Walimpiga kwa matofali, kwa mchi, kwa ndala, kwa mnyororo wa baiskeli, kila mtu kwa zamu yake, na aliyemaliza alisema ahsante akampisha mwenzake. Saa ya mkono wa kulia ndiyo iliyokufa kwanza. Yeye alipoacha kulia, foleni ilikuwa bado inafika kwenye kona ya soko, na waliokuwa nyuma walinung'unika kidogo.

Bi Sikudhani hakugusa kitu. Yanayofuata hodi ni ya idara nyingine. Alisimama akitazama kwenye uwazi wa mlango, na mle ndani Tunu, amekumbatia mkono wake uliovunjwa kidole, hakuwa anamtazama yule mtu wala foleni. Alikuwa anamtazama yeye. Kisha akauinua mlango kwa mkono mmoja, akausimamisha mahali pake, akausukumia cherehani kwa ndani.

*

Mwenye Nyumba wa Taifa alihutubia kwenye redio. Alisema taifa limeshtushwa kuona ugonjwa wa ubunifu umewafikia hata wakurugenzi, lakini ahsante kwa mwanamke mmoja mwajibikaji, utaratibu umeshinda. Bi Sikudhani akapewa kiti cha Shomvi. Kilikuwa na doa, kikaoshwa.

Jambo la kwanza alilofanya ni kulifunga faili la sare. Hakupindisha kitu. Mlango ulionyamaza hodi zote tatu haurudiwi tena na Serikali mpaka mwenyewe aite. Ndivyo ilivyo, ila hapakuwa na mtu aliyewahi kuihitaji kanuni hiyo. Vidole tisa vya Tunu vikawa salama milele.

Siku ya mapumziko, mchana, alijaza wali na samaki kwenye hotipoti kubwa, akajitwisha, akaenda kwa miguu mpaka nyuma ya soko. Hakuwa na Wageni. Hakuwa na mkoba. Alipokatiza mbele ya vitumbua, Mama Chausiku alimwona, mdomo ukaanza kufunguka wenyewe kwa mazoea, na yule mwanamke mwema akaubana kwa meno akainamia kikaango chake. Mwenye duka la chumvi alifanya vile vile. Na mzee wa baiskeli. Mtaa wote ulikuwa umebana midomo.

Mlango ulikuwa mpya. Ndani cherehani ilikuwa inakwenda, polepole kidogo kuliko zamani.

"Tunu, mwanangu. Ni mama. Hodi."

Cherehani ikanyamaza.

Alisubiri. Hotipoti ilikuwa inamchoma kichwani, akaishusha akaikumbatia.

"Hodi. Nimekuletea chakula. Niko peke yangu."

Upepo ulipita, mlango ukacheza. Komeo halikuwa limefungwa. Angeweza kuusukuma kwa kidole.

Akatafuta hodi nyingine ya kupiga, asiipate. Ya tatu aliijua moja tu. Safari hii mzigo ulikuwepo, na miguu ilimuuma kweli.

"Hodi jamani," alisema. "Hodi, wenyewe."

Alikaa pale mpaka akawa na hakika. Kisha akaiweka hotipoti kizingitini, upande wa nje wa mstari, akageuka akaenda zake, kama inavyotakiwa. Alikuwa amefika kwenye mfereji aliposikia nyuma yake cherehani inaanza tena.